Jiwe Zima

"Usilivunje," mgonjwa alisema kwa mara nyingine. Ganzi ilikuwa imemshika kuanzia kiunoni kwenda chini, lakini mdomo wake ulikuwa mzima kabisa.

Daktari alikwishapitisha kamera kwenye tundu dogo chini ya kitovu, hadi ndani ya kibofu cha pili, kile alichoshonewa mgonjwa kwa kipande cha utumbo wake baada ya cha kwanza kuharibika. Jiwe lilionekana kwenye skrini, limetulia kama yai kiotani.

"Kwetu mawe ni ya ukoo," mgonjwa alimweleza nesi, aliyehamia hospitali hiyo wiki ile. "Babu alikuwa nalo, baba alikuwa nalo. Mwenye jiwe kubwa kuliko wote ndiye anayekalia kiti cha baba mezani, na neno lake ndilo la mwisho. Shangazi huyashika viganjani, huku moja, huku moja, akaamua. Lakini vumbi hapokei."

"Na sasa anakikalia nani?"

"Yupo mmoja hivi. Kijiwe chenyewe kama punje ya mahindi, maringo usiseme. Hili langu likifika nyumbani zima, siku hiyohiyo anahamia kwenye stuli."

Daktari alikohoa nyuma ya barakoa. "Tundu ni dogo. Itabidi nilivunje."

"Liongeze. Ngozi ni yangu." Kisha sauti ikamlegea. "Nakuomba, daktari. Miaka yote nakula pembeni, karibu na mlango wa jikoni. Nikisema neno, wananiambia nipitishe chumvi."

Nesi aliingiwa na huruma. "Dokta, la jana lilikuwa kubwa kuliko hili. Ulilitia kwenye kifuko, ukalivuta, likatoka zima kwenye tundu kama hilihili."

"La jana lilikuwa la mtu mwingine," daktari alisema, akakanyaga pedali.

Mashine ikanguruma. Jiwe likapasuka, likawa changarawe, kisha unga, na maji yakaufagia wote kwenye ndoo. Mgonjwa alifumba macho, chozi likamtiririkia sikioni.

Daktari alishona nyuzi mbili, akampapasa begani na kumtakia afueni. Kisha akatoka koridoni, akavua glovu na kupiga simu.

"Shangazi, mdogo wangu yuko salama, tumshukuru Mungu," alisema. "Hapana, jiwe hakuna. Kiti changu kiacheni palepale."