Musalaba ya Kisangani

Kapiteni alikataa musalaba ilale juu ya magunia, anasema italetea baleinière, boti yake ya mbao, mukosi. Basi Wilfried alikuwa analala nayo pembeni, siku munane, kutoka Ubundu mupaka Kindu. Bamama ba mu boti balicheka.

"We kijana, hiyo njo bibi yako? Iko baridi sana."

Ye pia alicheka kidogo. Mama Pulchérie, mwenye anauzishaka samaki ya moshi, aliinama akasoma herufi za chuma: CONSTANCE NYASSA, 4 MARS. Akamupatia kichwa ya samaki.

"Ni mama yako?"

"Njo mama."

"Sasa tuko mwezi wa sita. Na unaenda pole pole hivi?"

"Nikimbilie nini tena, mama?"

Tarehe ine ya mwezi wa tatu, Wilfried alikuwa Muanda, kule muto mukubwa inaingia mu bahari, anashusha samaki. Telefone ililia. Ilikuwa mudogo wake Ketsia, kutoka Fizi.

"Yaya, Mama iko mugonjwa. Daktari anasema bamupasue, ye anakataa, anasema paka mbele yako tu. Kuya mbio."

Wilfried alikaa chini mu muchanga. Kwao hakuna mwenye anaambiaka mutu wa mbali kama kifo imeingia mu nyumba. Banasemaka "iko mugonjwa, kuya", juu asianguke mu njia. Wakati Baba alikufa, Wilfried alikuwa anasoma Uvira. Balimwambia Baba ana homa kidogo. Aliomba amusikie, balimupatia baba mudogo, akakohoa mu telefone sawasawa Baba. Wilfried akatembea usiku na muchana. Alifika, akakuta kaburi imekwisha kufunikwa.

Safari hii hakukimbia. Alinyoa kichwa pale pale Muanda. Kitu moja tu alikuwa anataka: asifike mikono mitupu. Bajomba, bandugu ba Mama, bangali na hasira naye, juu miaka sita hakurudi. Na kaburi ya Baba iko paka na kipande ya ubao tu. Ya Mama itakuwa na chuma.

Mupaka Matadi alipanda mutumbwi ya motere. Pale mawe inafunga muto, akapanda lori mupaka Kinshasa. Kisha boti, wiki na wiki, miti huku na huku, mutu anasahau hata siku. Mbandaka alibakia wiki mbili anabeba mihogo, juu apate chakula ya njia. Ketsia alipiga.

"Mama anauliza umefika wapi."

"Mbandaka."

"Ungali mbali, yaya. Ngoja nimupe telefone."

Wilfried alikata. Hakutaka kusikia shangazi fulani anakohoa. Alimuonea Ketsia huruma: mutoto wa miaka kumi na sita, bakubwa bamemufundisha uongo, na anauweza.

Kisangani alikaa mwezi muzima kwa soudeur moja, fundi wa kuunganisha chuma, jina yake Nicolas. Wilfried alimusukumia mukokoteni, alimuchotea maji, na Nicolas akamutengenezea musalaba. Kila herufi aliikata mu pipa ya zamani. Ilipofika tarehe ya kufa, Nicolas aliuliza ni gani. Wilfried alifikiri kidogo, akasema ile ya telefone. Siku mbili huku ao kule, Mama hatamukasirikia.

Sasa, Kindu, Mama Pulchérie alimusaidia kushusha musalaba. Wilfried alipata rezo ya telefone, akamupigia Ketsia. Ketsia alikuwa analia tu.

"Yaya, ukuye basi."

"Usilie. Mi najua."

"Unajua nini?"

"Najua yote. Nakuya."

Hakumulazimisha aseme. Maneno kama ile banasemaka mutu akikaa mu kiti, amekunywa maji.

Aliacha muto, akasukuma musalaba juu ya kinga, baiskeli ya mizigo, mupaka Kabambare, kisha mupaka Kilembwe. Pale milima inaanza. Darius, mutu wa moto, mwenye anabebaka batu na pikipiki, alifunga musalaba nyuma na kamba ya mupira, akauliza ni ya nani.

"Mama Constance wa Fizi. Mwenye alikuwa anauzisha mafuta ya ngazi, mawese."

Darius aliacha kufunga.

"Yule? Mi napitaka Fizi kila wiki. Sikusikia kilio yake."

"Iliisha kitambo."

Darius alikaza tena mupira. Kesho yake moto ilipanda, ikashuka, ikapanda tena. Mvua ilibalaza siku moja muzima mu kijiji. Wilfried alilala, hakuwa na haraka. Alikuwa anapanga maneno ya kuomba bajomba musamaha.

Balifika Fizi saa kumi. Kutoka mbali aliona bashi, turubai ya bluu, mu lupango ya nyumba yao, na batu bengi bamekaa chini yake. Miezi tatu, na kilio haiyaisha. Roho ilimuuma: balikuwa banamungojea.

Alibeba musalaba ku bega, akaingia. Alingojea matusi. Hakuna mutu alimutukana. Mujomba Jérémie, mwenye makali kupita bote, alisimama mwenyewe, akamupokea ile chuma, akapangusa vumbi na mukono ya shati yake. Hiyo njo ilimuogopesha Wilfried.

Kaburi ilikuwa nyuma ya nyumba, karibu na ya Baba. Ketsia alikuwa amepiga magoti pale, anasawanisha udongo na mikono. Udongo ilikuwa mweusi, ingali na maji. Alimuangalia kaka yake, kisha akasoma musalaba pole pole, herufi kwa herufi, sawa mutoto wa masomo ya kwanza.

"Yaya, hii tarehe ine ya mwezi wa tatu, iko ya nini?"

"Njo ile siku ulinipigia."

Ketsia alifuta mikono ku kitenge, mara mbili, mara tatu.

"Juzi jioni," alisema, "Mama alikuwa angali anauliza umefika wapi."