Chatu Wawili wa Darajani

Chatu wawili, Pindu na Kunju, ndio waliokuwa daraja la mto. Walijinyoosha sambamba kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na wanyama wakapita juu ya migongo yao kwenda kutafuta chakula ng'ambo. Walikuwa wameapa kutomla abiria yeyote.

Ukafika wakati wa kujivua magamba. Chatu anayejivua haoni vizuri wala hawezi kubeba mzigo, kwa hiyo Panya Buku, msimamizi wa daraja, akaamua wajivue mmoja mmoja. Alianza Pindu. Siku saba Kunju alibeba abiria wote peke yake, na hakuna aliyelala njaa.

Siku ya nane Pindu alirudi akimeremeta. Tumbili akapiga makofi.

"Hebu oneni kitu kipya! Bwana Buku, Kunju naye ajivue leo leo, tumalize kazi."

"Bado. Kwanza mtu apite juu ya Pindu."

"Woga tu huo! Napita mimi."

Tumbili akapanda kwa madaha. Kumbe gamba jipya lilikuwa laini kama limepakwa mafuta. Alipofika katikati aliteleza, akatumbukia majini, mkondo ukaanza kumchukua. Kunju akalegeza mgongo ukashuka hadi majini, na Tumbili akaudaka.

Akayang'ang'ania yale magamba yaliyochakaa kwa mikono na miguu.

"Mpumbavu gani," akafoka, "alisema huyu ajivue leo?"

"Ametumbukia mtoni sasa hivi," akajibu Panya Buku.