Magunia Manne

Yale magunia manne fundi hakumruhusu mtu kuyagusa. Aliyabeba mwenyewe mpaka kwenye fomu, zile mbao za kushikilia ukuta, akamwaga udongo mwekundu katikati yake, akausambaza kwa kiganja kama anayetandika kitanda.

"Huo mbona hukuutia chokaa?" aliuliza kaka yake, mwenye nyumba, mikono mfukoni.

"Hauhitaji."

"Haya, fundi tope. Ila usinijengee kichuguu! Mvua moja tu nijikute nje na kitanda changu."

Akacheka peke yake. Dada yake aliinua kishindilio, akakishusha. Puu! Akakiinua tena.

Mwaka uliopita mama yao aliugua, akaomba chumba kwa mwanawe. Hata kile cha kuwekea mabegi. Binti ndiye aliyemshikia simu sikioni, kwa hiyo jibu alilisikia: nyumba haina nafasi. Miezi miwili baadaye mama hakuhitaji chumba tena. Kaka alituma maua. Mwenyewe alikuwa safarini.

Sasa alitaka nyumba ya vyumba saba, ya udongo wa kushindilia, maana wenye pesa wenzake ndivyo walivyokuwa wakijenga. Dada aliposikia, aliiomba kazi ile mwenyewe. Alijiapiza moyoni kwamba ukuta wa sebule kaka yake hatausahau.

Puu! Puu! Alishindilia mpaka udongo ukaanza kulia ngo, kama jiwe. Viganja vilichubuka, hakupumzika.

Siku ya kufungua fomu, kaka alifika mapema kuliko mafundi. Mbao zilipoondolewa, ukuta ulisimama wima, wa kahawia, na kwenye usawa wa kifua ulipita mstari mwekundu kutoka kona hadi kona.

Kaka aliupiga ngumi. Halikutoka hata vumbi.

"Mdogo wangu, nisamehe. Wewe ni fundi!" Aliupapasa ule mstari, akauegemezea shavu. "Rangi gani hii! Naitaka na chumbani kwangu, kuta zote nne. Umeuchimba wapi udongo huu? Natuma lori leo leo."

Dada alikuwa akifuta kishindilio chake kwa kitambaa.

"Hakuna zaidi, kaka. Mama alikuwa mdogo wa mwili. Kaburi lake halikubakiza udongo mwingi."