Maombi ya Modesta

"Tumwombee Mama Modesta, anayezidi kukonda," alisema mwinjilisti, na kanisa zima likageuka kumtazama.

Modesta alisaga meno. Kukonda! Miezi yote hii ameshuka kutoka Lushoto hadi Tanga mjini, akalala saluni na mashine ya baridi imembana tumbo ili igandishe mafuta ya nyama uzembe, yapungue, huku nyumbani akimuaga mumewe kwamba anakwenda hospitali. Leo ndiyo kwanza zipu ya sare ya kwaya imekubali kufunga. Badala ya kuambiwa amependeza, anaombewa!

Akina mama wakamshika mikono, wakampeleka mbele. Mke wa mchungaji akamwekea kiganja tumboni, pale pale mashine ilipombana juzi.

"Panauma, mwanangu?"

Modesta alichoka kudanganya. Angalau hili alijibu kwa ukweli. Ngozi ile bado ilikuwa na ganzi. Kiganja alikiona tu, hakukihisi.

"Hapana, mama. Hapo sisikii kitu chochote."

Akina mama wakaguna kwa pamoja. Kwenye benchi la nyuma, mumewe akaangua kilio.