Pale Anapochelewa Mashimba

Jumapili hiyo Mashimba alipanda jukwaani akiwa ameshaamua ni wimbo gani atauharibu. Aliuchagua ule wa mwisho kabla ya mapumziko, kwa sababu ndio unaoinua ukumbi mzima. Sebene likianza tu, pale uimbaji unapokoma na magitaa kushika kasi, atatoa mikono kwenye gitaa lake la besi na kusimama kama mgeni mwalikwa. Wachezaji wakikwama, Machibya atajua bendi hii inasimama juu ya nani.

Machibya ndiye kiongozi wa bendi. Alikuwa amempa habari asubuhi wakati wanapanga vyombo, tena kwa sauti ile ya mtu anayetoa pole msibani. Wanakwenda Bukoba, watapiga huko mwezi mzima, na nafasi ni chache.

"Wewe mzee utapumzika kidogo," alisema. "Tukirudi tutaona."

"Na besi nani atapiga?"

Machibya alianza kukunja waya ambao ulikuwa umeshakunjwa. "Tutajipanga tu, mzee."

Eti watajipanga. Mashimba amepiga besi hapa Kirumba tangu baa hii haijaezekwa, tangu watu wanacheza juu ya mchanga, halafu mtu aliyemfundisha mwenyewe kushika gitaa anamwambia watajipanga. Neno hilo alilirudia kichwani kutwa nzima.

Alimjua aliyemponza. Ni Hellen, binti wa kinanda, aliyejiunga nao mwaka jana. Si kwamba alikosa adabu. Shikamoo yake haikukosekana, na kwenye mazoezi alikuwa akivuta kiti karibu na mzee, akimwomba arudie kipande hiki na kile, polepole, mpaka akishike. Mashimba alifurahi kupata mtu wa kumsikiliza. Ila siku moja binti aliropoka kwamba hata kinanda kinaweza kupiga besi, na tangu hapo mzee akawa anamkata jicho.

"Kinanda kinatoa mlio wa besi," alimwambia siku hiyo. "Kupiga ni kitu kingine. Hata hawa vijana wenu wa nyuzi tano, wanaozichapa kwa dole gumba kama wanaua mbu, nao hawapigi. Besi inataka vidole viwili na subira. Unamwacha wa drams atangulie, wewe unachelewa. Kidogo tu. Hapo unapochelewa ndipo kiuno cha mtu kinapoondoka chenyewe. Mashine haijui kuchelewa."

"Unachelewa wapi hasa, baba?"

Akamwonyesha. Alimwonyesha mara nyingi, maana hakuna kitu alichojivunia kama hicho.

Ni kweli vidole vya mkono wake wa kushoto viliwahi kumsumbua. Masika yaliyopita vilikuwa vinakakamaa katikati ya wimbo, na alikosea mpaka wateja wakawa wanageuka kutazama jukwaa. Lakini hayo yalikwisha. Masele, fundi mitambo, aliondoa ile spika ya zamani ya besi iliyokuwa nyuma ya mzee, akapanga nyaya upya, akasema kuanzia sasa sauti zote zinapita kwenye meza yake ya kuchanganyia sauti. Haikupita wiki, malalamiko yakakoma. Watu wakawa wanakuja kumshika mkono: mzee, siku hizi besi yako imetulia. Mwenyewe aliisikia kwenye nyayo, ikimpanda kutoka kwenye mbao za jukwaa, safi kama ya ujanani. Akampongeza mke wake kwa ile dawa ya kuchua.

Na mtu wa namna hiyo ndiye anayeambiwa apumzike.

Jioni ilikuwa inaingia. Upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa kutoka soko la Mwaloni, ukumbi umejaa, wahudumu wanapita kwa ubavu. Nyimbo zilienda vizuri, na kila ulipoisha mmoja Mashimba alizidi kuvimba. Alimtupia jicho Hellen. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala mapajani, wa kushoto tu ndio uliokuwa kwenye kinanda, na bado binti alikuwa anatokwa na jasho kama mtu anayelima. Vijana wa siku hizi, mzee akawaza, wanachoka bila kazi.

Ukafika wimbo wenyewe. Machibya aliimba beti zake akiwa amefumba macho. Akina mama wa meza ya mbele walikuwa wameshasimama, mmoja ameshavua viatu na kuvisukuma chini ya kiti. Mashimba aliutazama mgongo wa Machibya, uchungu ukampanda hadi machozi yakamlenga. Alimpenda huyu kijana. Ndiyo maana alitaka imuume.

Gitaa la solo likalia, sebene likaingia. Mashimba akainua mikono yote miwili kutoka kwenye nyuzi, akaishusha ubavuni.

Hellen alimwona. Alimtikisia kichwa taratibu, kama anamsihi asifanye hivyo, na macho yake yalikuwa yamelowa. Mzee akadhani anaogopa wimbo utaanguka. Akamtabasamia, akageukia ukumbi ili aone miguu ikisimama.

Hakuna aliyeacha kucheza. Mbao zilizidi kutetemeka chini ya nyayo zake. Besi ilikuwa inakwenda, imetulia, na ilipofika pale anapochelewa Mashimba, ikachelewa.