Nywele Kumi za Mkia

"Anayepanda lori leo ni Shangazi, na maneno yameisha!"

"Yameisha kwako, Baba Watoto. Kwangu ndiyo kwanza yanaanza."

Mama alisimama mbele ya lango la zizi, mikono kiunoni. Nyuma yake ng'ombe jike, jina lake Shangazi na umri wake wa bibi, alicheua taratibu kana kwamba mwenye kesi ni mwingine. Lori la machinjio lilikuwa linanguruma uani. Majani yaliyobaki ghalani yasingewafikisha ng'ombe wote wawili kwenye mvua. Mmoja lazima aondoke, na mke na mume walikuwa hawajaelewana tangu chai ya asubuhi.

Mama alitaka aondoke Jenerali, fahali wa mumewe: shingo nene, jicho jekundu, na ua ameshauvunja mara tatu. Shangazi alikuwa wake. Alimkamua miaka tisa, na hakuna siku aliyorushiwa teke.

"Kubishana kwa mdomo kumepitwa na wakati," Baba alisema, akachomoa bahasha mfukoni kama refa anayetoa kadi nyekundu. "Hii ni sayansi. Maabara wamepima vinasaba vya Jenerali. Ulaini wa nyama, asilimia tisini na mbili. Mafuta yaliyotawanyika ndani ya nyama, daraja la kwanza. Mnyama wa namna hii humchinji, unamtandikia kitanda upate na watoto wake!"

Dereva alicheka, kisha akaona jicho la Mama na kuanza kukagua tairi.

"Walipimaje nyama ya mnyama aliye hai?"

"Nywele za mkia. Kumi tu, na mizizi yake. Unazing'oa, unatia kwenye bahasha, unapeleka."

"Ukazing'oa wewe?"

"Nani mwingine? Kwa mikono hii hii."

"Na Jenerali akakuachia?"

"Alisimama tuli kama bwana harusi anayenyolewa. Mnyama anamjua mwanamume."

Mama alimtazama kuanzia kofia mpaka viatu. Wiki hiyo hiyo ya nywele, kama kumbukumbu yake ilikuwa sawa, Jenerali alimpandisha mwanamume huyu juu ya tangi la maji, akashinda huko mpaka adhuhuri.

"Lete niisome."

"Si nimeshakusomea?"

"Umenisomea unayoyapenda. Lete."

Aliishusha miwani kutoka kwenye paji la uso. Alisoma ukurasa wa kwanza, akaufunua wa pili, ambao mikunjo yake ilikuwa bado mipya kana kwamba haujawahi kufunuliwa. Aliusoma mpaka chini kabisa. Mdomo ukamcheza kidogo. Akaikunja karatasi.

"Haya. Umeshinda."

Baba alishika nguzo ya ua. "Umesemaje?"

"Mimi ni nani nibishane na maabara? Mnyama aliyepimwa kwenye karatasi hii abaki, mwingine aende. Ndivyo?"

"Ndivyo hasa!"

"Sema kwa sauti, dereva asikie. Nakujua, kesho utanigeuka."

Baba alijikohoza. "Aliyepimwa abaki, mwingine apande lori. Neno langu halirudi nyuma!"

"Umesikia, dereva?"

"Nimesikia, mama."

Mama alichukua ndoo ya pumba na kulisukuma lango. Shangazi akainua kichwa. Baba akatazama pembeni. Miaka tisa ni mingi, na yeye si mtu mbaya.

Lakini Mama alimpita Shangazi, akamgusa mgongo tu, akaingia banda la ndani. Alipotoka, Jenerali alikuwa nyuma yake, pua yote ndani ya ndoo, mpole kama mtoto aliyeahidiwa pipi. Ndoo ikapanda ubao wa lori. Jenerali naye akapanda. Dereva akafunga komeo, akaruka kwenye usukani na kuondoa gari, maana neno alikuwa amelisikia mwenyewe.

"Mama Watoto! Umechanganyikiwa? Wewe dereva, simama! Huyo ndiye aliyepimwa!"

Lori lilikuwa limeshakata kona.

Mama alipangusa mikono kwenye gauni, akautandaza ukurasa wa pili juu ya mgongo wa Shangazi, na kuweka kidole chini ya mstari wa mwisho ili mumewe asipate shida ya kuutafuta.

*Jinsia ya mnyama: jike.*