Mashine Iliyokataa Barabara

Mashine ililia piii, na mzee Hebroni akakata kona ghafla. Pikipiki ikaiacha barabara nzuri kabisa ya Makwale, ikazama kwenye tope la mgombani.

"Baba Gwamaka!" alipiga kelele Tupokigwe, mkewe, aliyekaa nyuma na mkungu wa ndizi mapajani. "Barabara ile pale!"

"Mashine imekataa," alijibu Hebroni, akitabasamu kama bwana harusi.

Mashine gani hiyo ya kukataa barabara? Hebroni alizaliwa Ikolo, akazeekea Ikolo, na angeweza kufika Makwale amefumba macho. Lakini tangu soko huria lilipoleta wanunuzi binafsi wa kakao, naye akawa wakala wao mwenye pikipiki, kila kitu kipya lazima akiguse. Ndipo alipoiona GPS, mashine ya kuonyesha njia, kwa wachuuzi wa mpakani Kasumulu, watu wenye shangazi Malawi na bidhaa kutoka Afrika Kusini.

Siku ya kuchagua Tupokigwe alikuwapo. Muuzaji alitoa ya kwanza, yenye ramani ya rangi. Hebroni hakuitaka. Ya pili ilisema Kiingereza kwa sauti ya mwanamke. "Wa kuniamrisha ninaye," alisema Hebroni, na watu wakaangua kicheko. Ya tatu ilikuwa ndogo, haina urembo wowote, ila ukishaiwekea alama ya mahali, inalia kila unapopakaribia.

"Inalia kwa nguvu?" aliuliza Hebroni. "Hata injini ikinguruma?"

"Hata ukiwa kiziwi, mzee."

Akaichukua hiyo, akaifunga kwenye usukani kwa kipande cha mpira wa tairi. Tangu hapo ikawa piii na matope, piii na migomba. Alirudi nyumbani na majani kichwani, anapiga mluzi, mtu mzima mwenye mvi zake! Tena siku moja Tupokigwe alimfuma amesimama peke yake njiani, anaibonyeza mashine, na alipomwona mkewe akaifunika kwa kofia.

Mluzi, kofia, njia za panya. Mwanamke aliyeolewa zamani haambiwi maana yake. Mzee alikuwa na mtu, na mashine ndiyo iliyomwonyesha pa kuchepukia.

Wa kumtuma apeleleze hakuwapo. Mwanawe Gwamaka angecheka tu. Asifiwe, mke wa Gwamaka, ndiyo kabisa: Mnyakyusa gani amewahi kuona mke wa mwana akimnyemelea baba mkwe? Mila haikubali hata wakutane uso kwa uso. Masika yaliyopita Asifiwe, tumbo limeshaanza kuchomoza, alisikia pikipiki ya mzee akajitupa mtaroni na ndoo yake ya mahindi. Watu walimsifu kwa adabu, wakamsaidia kuokota.

Basi mchana mmoja, Hebroni alipolala baada ya wali, Tupokigwe aliifungua mashine kwenye usukani, akaenda kupanda pikipiki ya mdogo wake, Yohana. Yohana akabonyeza huku na huku mpaka mshale ukatokea, ukielekeza kwenye alama alizoweka mzee.

"Dada, tukimkuta huyo mwanamke utamfanya nini?"

"Wewe endesha."

Moyo ulimdunda kwa hasira, lakini, Mungu amsamehe, ilikuwa raha pia. Upepo usoni, mshale mkononi, na yeye mpelelezi! Mashine ikalia kwanza kisimani. Wanawake walikuwa wengi. Tupokigwe aliwatazama mmoja mmoja, akawachukia wote wenye mashavu.

Ikalia tena bondeni, kwenye jaruba la mpunga, na hapo raha yote ikamkauka. Jaruba lile alilijua. Yeye na Hebroni ndio waliolitoa, siku mwana wao alipooa. Na nani anayeshinda pale akipalilia kama si Asifiwe?

"Hapana," alisema. "Mke wa mwanangu? Hapana, Yohana, hapana!"

Aibu kama hiyo ikijulikana, wangehamia wapi? Tupokigwe alitamani mashine imdondoke mtoni, lakini mshale ulikuwa bado unaita, nao wakaufuata.

Ikalia mara nyingine kwenye njia ya zahanati, barabara ileile ya Makwale. Mbele yao mwanamke mwenye tumbo kubwa alishtuka. Akajifunika uso kwa khanga, akajishika tumbo, akaanza kuteremka mtaroni kinyumenyume.

"Asifiwe!" aliita Tupokigwe.

Khanga ikashuka kidogo. "Ah, ni mama! Nilisikia pikipiki nikadhani ni baba."

Tupokigwe alikuja na maneno makali mdomoni, lakini tumbo lile lilimshinda. Akamshika mkono, akamvuta juu.

"Ndaga, mama," alishukuru Asifiwe akihema. "Yaani Mungu ananipenda. Kisimani sikutani naye, shambani sikutani naye. Tangu masika sijajitupa hata mara moja, na kwa tumbo hili ningejitupaje?"

Mashine ilikuwa bado inalia mkononi mwa Tupokigwe, piii, piii. Aliitazama. Akatazama barabara, kisha mtaro, kisha tope la mgombani ng'ambo. Akaanza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, mpaka Yohana akaingiwa na hofu.

"Dada, vipi? Na yule mwanamke wa mzee?"

"Geuza pikipiki!" alisema Tupokigwe, akidandia nyuma. "Mbio, Yohana, mbio, mzee asije akaamka akapita barabarani bila mashine!"